Kwaya Katika Chumba cha Futi Kumi kwa Kumi

Kabla hujaimba, chomoa chaja. Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa Magindu, ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi ambacho mwalimu mmoja wa kwaya anakitumia kama sebule, stoo na studio. Kompyuta ikiwa kwenye umeme, hedifoni zinatoa mngurumo mwembamba usiokwisha, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na nyumba isiyofungwa vizuri waya wa ethi huuachia mngurumo huo uingie mpaka kwenye maiki. Chaja ikichomolewa, kimya. Kuanzia hapo una saa moja na nusu ya betri, au dakika arobaini kama betri yenyewe ni ya mtumba, na humo ndani wimbo mzima lazima uingie.

Magindu ni kata ya Kibaha Vijijini, ndani huko, mbali na lami ya barabara ya Morogoro. Ni nchi ya mihogo, ufuta na ng'ombe, na kama ilivyo sehemu kubwa ya Pwani, misikiti ni mingi kuliko makanisa. Kwaya za huku kwa hiyo ni ndogo. Hii ninayoisema ina watu kumi na mmoja, na wawili kati yao wako msimu wa kilimo tu. Kwaya ya namna hiyo haiendi Dar es Salaam kurekodi. Hesabu nauli ya watu kumi na mmoja, chakula chao, saa za studio, halafu kumbuka kwamba mfuko wa kwaya ndio huo huo unaonunua sare. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa rahisi: imbeni Jumapili, inatosha.

Kompyuta ya nyumbani imeubomoa ukuta huo, na hakuna mwenye akili anayeweza kusikitika. Ninachobishia ni matumizi. Karibu kila chumba cha aina hii nilichokiingia, Pwani na kwingineko, nimekuta watu wanaifanya kompyuta iwe studio ya Sinza, Dar es Salaam, iliyopungukiwa vifaa. Ingeweza kuwa kitu ambacho kwaya zetu hazijawahi kuwa nacho: daftari linaloshika sauti.

Nasema daftari kwa sababu muziki wa kanisa wa ukanda huu ulianzia kwenye karatasi. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifungua vituo Kisarawe na Maneromango katika miaka ya 1890, na mizigoni walikuwa na korali za Kijerumani, sauti nne, kila sauti imekwisha andikwa. Baadaye ikaenea sol-fa, ile ya d r m f s l t iliyosambazwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, na hapo ndipo walimu wetu wa kwaya walipopata nyenzo yao hasa. Sol-fa haihitaji mistari mitano. Inaandikika kwa kalamu ya wino kwenye daftari la shule, au kwa taipureta ya ofisi ya parokia baada ya saa za kazi. Fungua leo daftari la mwalimu yeyote wa kwaya, utakuta juu kabisa ameandika "Doh ni G". Humo ndimo ulimo muziki wa jimbo zima wakati mwingine, kurasa zimelegea, pembe zimeliwa na mchwa.

Lakini daftari la namna hiyo linashika nusu ya wimbo. Padri Stephen Mbunga, aliyeandika mwaka 1963 kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, alilijua tatizo hilo, na Howard Olson, mmisionari aliyefundisha kwenye chuo cha Makumira na kukusanya tuni za makabila yetu kwa ajili ya ibada, alilijua pia. Nota inakwambia sauti ipi na kwa muda gani. Haikwambii mama wa sauti ya kwanza anavyoikokota silabi ya mwisho, wala pale kwaya nzima inapoteleza kidogo kabla ya mpigo kwa sababu wimbo asili yake ni ngoma ya mavuno.

Redio ilikuja kujaza pengo hilo kwa sehemu. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi kwaya kama ilivyorekodi bendi za dansi: wote ndani, maiki chache, imbeni, mkikosea anzeni upya. Moshi kulikuwa na studio ya Sauti ya Injili, iliyopeleka vipindi Addis Ababa kwenye kituo cha Walutheri kilichoanza kurusha matangazo mwaka 1963, mpaka serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipokitaifisha mwaka 1977. Kisha zikaja kaseti. Kwaya ya Barabara ya 13, kutoka makazi ya wakimbizi wa Burundi kule Ulyankulu, Tabora, ilijulikana nchi nzima kwa kaseti zilizodurufiwa mpaka sauti ikabaki kama inatoka chini ya blanketi, na bado watu walilia wakizisikiliza.

Kilichofuata kinajulikana. Mwimbaji mmoja mmoja akaanza kujitenga na kwaya. Cosmas Chidumule alitoka bendi ya Sikinde akaokoka na kuimba injili kwa jina lake mwenyewe. Rose Muhando akatoka kwenye kwaya ya Dodoma hadi kufikia mkataba na Sony Music mwaka 2011. Na wakati huohuo, ndani ya studio, bendi nayo ilikuwa inatoweka. Programu ya Wabelgiji iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa jina la FruityLoops, sasa FL Studio, ilimwezesha kijana mmoja kupanga ngoma, besi na kinanda akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Bongo Fleva ilijengwa hivyo. Injili ikafuata.

Kijana huyo ndiye babu wa mwalimu wangu wa Magindu. Yeye anatumia programu mbili: FL Studio kwa biti na Audacity kwa sauti za waimbaji. Audacity ni ya bure kihalali, ilitoka mwaka 2000. Ile nyingine aliyonayo ni ya kukraki, aliwekewa na fundi wa simu Mlandizi, na nilipomuuliza alicheka kwa aibu. Sitaki kumhubiria mtu, ila nakiri inanichekesha: nyimbo ngapi za toba zimerekodiwa nchini kwa programu ya wizi? Na hata tukiacha dhambi, zipo njia nyingine. Reaper inakupa siku 60 za kujaribu, kisha leseni yake kwa mtu wa kawaida ni dola 60, na inafanya kazi kwenye kompyuta dhaifu bila malalamiko.

Kompyuta dhaifu ndiyo hali halisi, kwa hiyo afadhali tuijue hesabu yake. Sauti ya ubora wa CD huchukuliwa sampuli 44,100 kila sekunde. Dakika moja ya maiki moja ni kama megabaiti 5. Wimbo wa dakika tano wenye traki ishirini unakaribia nusu gigabaiti kabla hujafanya lolote, wakati MP3 utakayotuma WhatsApp mwishoni haifiki hata megabaiti 5. Ndiyo maana diski inajaa, na diski ikijaa mwalimu anafuta traki na kubakiza MP3. Tutarudi hapo.

Tatizo la pili ni kuchelewa. Sauti inaingia kwenye maiki, inazunguka ndani ya kompyuta, ndipo inarudi masikioni. Bafa ikiwekwa sampuli 512, huko kuingia peke yake kunachukua takriban milisekunde 12, muda ambao sauti hewani ingetembea karibu mita nne. Ukijumlisha na kurudi, mwimbaji anajisikia kama mtu aliyesimama upande wa pili wa kanisa. Kijana aliyezoea atavumilia. Mama wa sauti ya pili atavua hedifoni na kusema kichwa kinamuuma, naye hadanganyi.

Sasa chumba. Kutani mwalimu amebandika trei za mayai, safu kwa safu, kazi ya jasho na gundi nyingi. Kila mwenye studio ya uani Afrika Mashariki amewahi kuzibandika, na karibu zote ni kazi bure. Trei ina kina cha sentimita chache. Inaweza kutawanya sauti nyembamba za juu, zile za "s" na matoazi. Lakini nota ya besi ya mwanaume yenye mipigo 100 kwa sekunde ina urefu wa wimbi wa zaidi ya mita tatu, yaani upana mzima wa chumba hicho. Kwa wimbi hilo trei ya mayai ni kama pazia la shanga mbele ya ng'ombe. Na kuzuia sauti ya nje ndiyo haziwezi kabisa, kwa sababu kinachozuia sauti ni uzito. Kilichosaidia Magindu ni godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji, blanketi mbili kwenye kamba, na magunia ya mahindi kwenye kona. Msimu wa mavuno, akasema mwalimu, studio yangu inakuwa nzuri zaidi.

Maiki nayo inafaa kusemwa, maana hapa watu wengi hupoteza fedha. Maiki za kondensa za bei nafuu, zile za kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, zinavutia kwenye picha. Ndani ya chumba cha matofali zinachukua kila kitu: mwangwi, jogoo, mtoto wa jirani, mvua ya vuli juu ya bati. Maiki ya kawaida ya mahubiri, ile ya kushika mkononi, husikia zaidi kile kilicho karibu na mdomo na kupuuza mengine. Kanisa tayari linayo. Kinachotakiwa ni saundi kadi ndogo ya nje, kwani tundu la maiki la kompyuta yenyewe lina kelele zake.

Niliwakuta Jumamosi moja wakirekodi. Mkekani barazani akina mama wanamenya mihogo wakisubiri zamu. Ndani, dirisha limezibwa kwa mto, feni imezimwa, joto la kuoka mkate. Anaingia mtu mmoja, anavaa hedifoni yenye sikio moja zima, anaimba sehemu yake juu ya biti, anatoka akijifuta, anaingia mwingine. Ndivyo studio za mjini zinavyofanya na ndivyo mwalimu alivyojifunza kwenye video za YouTube. Njia hiyo ina sifa zake. Aliyekosea anarudia peke yake. Sauti moja inaweza kupandishwa, nyingine kushushwa. Machi 2020, Kenya ilipofunga nyumba za ibada kwa ajili ya korona, njia hiyo ndiyo pekee iliyobaki kwa kwaya: kila mtu na simu yake nyumbani, mtu mmoja na kompyuta akiunganisha. Mtunzi Mmarekani Eric Whitacre alikwisha onyesha mwaka 2010, kwa waimbaji 185 ambao hawakuwahi kukutana, kwamba jambo hilo linawezekana.

Ikafika zamu ya besi. Besi wa Magindu ni mzee wa kanisa, mtu wa miaka sabini hivi, sauti yake ni kama kuburuta meza. Biti ikaanza. Hakuingia. Ikarudiwa. Akaingia, amechelewa mpigo mzima. Ikarudiwa tena.

"Mzee, ukisikia ile tiki ya nne, wewe ingia."

"Tiki ndiyo nani?"

"Hiyo inayogonga sikioni."

"Mwalimu, mimi huingia huyu mwenzangu akivuta pumzi."

Mwenzake ni yule wa sauti ya tatu, ambaye husimama kushoto kwake kila Jumapili. Akaitwa kutoka barazani. Akasimama kushoto kwa mzee, hakuambiwa aimbe, akaambiwa avute pumzi tu pale anapovuta siku zote. Biti ikaanza, akavuta, na mzee akaingia pale pale, kama mlango unaojua bawaba zake. Wakamaliza beti zote tatu bila kosa. Baadaye, usiku, mwalimu aliikuta pumzi ile kwenye rekodi, akaikata moja baada ya nyingine, akaongeza na kisafisha kelele cha Audacity, ambacho kikizidishwa kinaifanya sauti ya mtu isikike kama inatoka kwenye ndoo ya maji.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndipo lilipo swali lenyewe. Kwaya haiishii kwenye jumla ya sauti kumi na moja. Watu wanaposimama pamoja wanarekebishana: mmoja akishuka, mwingine anamvuta, wimbo ukifika kwenye kiitikio wanaharakisha kidogo bila kuambizana, sauti zisizoungwa na kinanda hujipanga zenyewe kwa sikio, mahali ambapo kinanda kingekuwa kimeng'ang'ania vipimo vyake. Metronomu inaua huko kuharakisha, na kinanda kinaua hilo la mwisho. Waadventista, ambao makundi yao mengi huimba bila ala yoyote, wameligundua hili zamani, na ndiyo maana rekodi zao za bei ndogo mara nyingi hunigusa moyo kuliko injili zenye sebene la kompyuta. Hawana ngoma ya kuficha makosa, kwa hiyo wamefanya mazoezi.

Kesho yake, Jumapili baada ya ibada, nilimwomba mwalimu ajaribu njia ya Redio Tanzania. Kompyuta juu ya meza ya kitabu, maiki moja kwenye stendi, kwaya imesimama nusu duara, besi na sauti ya tatu wamesogezwa nyuma hatua mbili kwa kuwa wana nguvu. Wakaimba mara mbili. Kanisa lile lina sakafu ya saruji na madirisha wazi. Kuna mbuzi alisikika, na mtoto. Lakini ulikuwa wimbo.

Ningependa kuandika kwamba wote waliona nilichokiona. Hawakuona. Walipokaa kusikiliza rekodi ya chumbani na hii ya kanisani, akina mama walichagua ile ya chumbani, tena kwa kauli moja. Sababu yao ilinifunga mdomo: kwenye ile ya chumbani kila mmoja alijisikia. "Hapa ndiye mimi," mmoja alisema, akionyesha spika kwa kidole, na wenzake wakacheka na kumpongeza. Mtu aliyeimba miaka kumi na tano ndani ya kundi bila kuisikia sauti yake mwenyewe, umwambie nini? Mzee wa besi peke yake ndiye aliyekataa. "Ile sauti ni yangu," alisema, "lakini mbona iko peke yake?"

Basi kila rekodi ina kazi yake, na ningeshauri zote mbili zifanyike. Ya chumbani iende kwa watu. Inasafiri kwa WhatsApp na kwa memori kadi za bodaboda, na ikipandishwa YouTube itamfikia shangazi aliyeolewa Mwanza. Fedha haitaleta, tusidanganyane. Anayetaka iuzwe au ipigwe redioni kama kazi ya biashara atakutana na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) na ofisi ya hakimiliki, na hapo nyimbo za kutafsiri ndizo zinazowaumbua wengi. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Watu hudhani kila kilichomo kwenye kitabu cha nyimbo ni cha kale na hakina mwenyewe. How Great Thou Art, unaoimbwa kwa Kiswahili kila msiba, asili yake ni shairi la Mswidi Carl Boberg la mwaka 1885, lakini maneno ya Kiingereza yaliyoueneza duniani ni ya Stuart Hine, aliyefariki mwaka 1989. Fanya hesabu. Kutunga wimbo wenu wenyewe ni rahisi kuliko barua za kuomba ruhusa, na Magindu hawana uhaba wa nyimbo.

Rekodi ya kanisani ndiyo daftari. Kazi yake ni kumfundisha mwimbaji mpya, kumrudishia mwalimu wimbo aliousahau, na kumwonyesha mtu wa mwaka 2060 jinsi watu wa hapa walivyoimba. Kwa kazi hiyo haihitaji trei za mayai wala biti. Inahitaji kutofutwa, na hapo ndipo tulipo wabovu. Flashi moja, inayozunguka kati ya kompyuta nne zenye virusi, si kabati. Wala muundo wa faili si jambo la kupuuza. Watunzi wetu wa Kikatoliki, ambao nota zao nyingi sasa hupatikana mtandaoni badala ya kwenye fotokopi, walijifunza kuandika muziki kwa programu za biashara; moja ya kubwa zaidi, Finale, ilitangazwa Agosti 2024 kwamba haitaendelezwa tena. Aliyehifadhi faili za Finale pekee bila kuzigeuza kuwa PDF au MusicXML ana daftari ambalo siku moja halitafunguka. MuseScore ni ya bure na ingemtosha. Kwa sauti, WAV. MP3 ni nakala ya kupeleka, isiwe nakala ya kuhifadhi. Diski ya nje moja nyumbani kwa mwalimu, nyingine kwenye kabati la wazee wa kanisa pamoja na vitabu vya ubatizo.

Na mwanzoni mwa kila rekodi, kabla ya wimbo, mtu aseme: kwaya gani, wapi, tarehe, nani ametunga, doh ni nini. Jina la faili hubadilishwa na kila anayelipokea. Sauti iliyotamka jina haibadilishwi.

Mwalimu wa Magindu alikubali hilo bila ubishi. Alifungua faili ya Jumapili mbele yangu, akaniongoza kwa kidole kwenye lile umbo la sauti linalochorwa na Audacity kwenye kioo: hapa ninataja tarehe, hapa naweka nota, hapa kimya. Halafu, katikati ya kimya, kabla ya vilima vya besi kuanza, kulikuwa na kinundu kidogo sana, kama punje ya mtama. Mshale ulikuwa juu yake. Akaondoa mkono kwenye kipanya na kuhifadhi.